Sanduku la Wachanaji: maswali yenu kuhusu hip hop bila lebo

Barua za awamu hii zimetoka kwa wachanaji (marapa) wanaojitegemea, wasio chini ya lebo, yaani kampuni ya muziki, pamoja na msomaji mmoja anayewaandikia makala. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

Habari za kazi kaka zangu. Nina miaka 19, nipo Nyakato, Mwanza. Nina madaftari matatu ya mistari, lakini nikiiweka juu ya biti haikai. Mingine inamwagika, mingine inapelea. Bro anasema floo mtu anazaliwa nayo. Ni kweli?

Bro amekuonea, mdogo wetu. Floo, yaani maneno yanavyotiririka juu ya biti (mdundo), kwanza ni hesabu, na wewe hesabu yake umeshaisoma darasani bila kuambiwa kwamba ndiyo hiyo.

Chukua biti ya mapigo 90 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa hip hop ya zamani. Baa moja ina mapigo manne, kwa hiyo inapita kwa sekunde 2.7 hivi, na vesi ya baa 16 inakwisha kwa sekunde 43. Sasa ligawe kila pigo vipande vinne na utapata vipande 16 kwa baa. Mshororo wa shairi la tarbia nao una mizani 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili). Mwenye sikio la shairi tayari ana sikio la baa, ila ajue tofauti moja: mchanaji anahitaji kuvuta pumzi, kwa hiyo vipande vyote 16 havijazwi. Mizani 12 hadi 14 zinatosha.

Tuchukue mstari wa mfano: "Ninauza ndizi pale stendi, nikipata nauli nitaondoka." Hesabu silabi, utapata 22. Ndani ya sekunde 2.7 utalazimika kukimbia silabi nane kila sekunde, na hapo ndipo mistari yako inapomwagika. Ukate: "Nauza ndizi stendi, nawinda nauli." Sasa ni 13. Kilichopotea ni "pale", "nitaondoka" na viambishi ambavyo msikilizaji hakuvihitaji.

Hatua inayofuata ndiyo wengi wanairuka. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo ndio unaotakiwa ukae juu ya pigo. Anza "na" ya kwanza kwenye kipande cha mwisho cha baa iliyotangulia, ili "u" ya *nauza* itue pigo la kwanza. "Ste" ya *stendi* itaangukia kipande cha 5, yaani pigo la pili. Maliza "ndi", halafu nyamaza vipande viwili, cha 7 na cha 8. Ingia na "nawinda" kipande cha 9, na "u" ya *nauli* itatua kipande cha 13, pigo la nne, pale pale snea (ngoma yenye mlio mkali) inapolia. Kipande cha 15 ni cha pumzi, na cha 16 kinafungua mstari wa pili: "Dereva kala ndizi, hataki kauli." Mizani ni zile zile na mikazo inatua kule kule. Ukiuteleza mstari huo huo kipande kimoja tu, "li" ndiyo inaangukia snea, unasikika unasema *nauLI*, kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana.

Angalia pia vina. *Nauli* na *kauli* zimelingana kwa silabi tatu, a-u-li. Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo kina cha silabi moja ni cha bure na kinasikika cha bure. *Nimelala, nimekula, nimegoma* si vina, ni vitenzi vitatu vilivyopanga foleni. Anzia silabi mbili, na uchanganye aina za maneno: jina na kitenzi, kitenzi na jina la mahali. Zoezi la mwezi mmoja: andika vesi ambazo hakuna mstari unaomalizikia na kitenzi. Wiki ya kwanza utachukia. Baadaye anza kuweka vina katikati ya mstari pia, na mwanzoni. Fid Q, aliyetokea huko huko kwenu Mwanza, aliipa albamu yake ya kwanza jina la *Vina Mwanzo, Kati na Mwisho*, na hapo mtaala wote umeshatajwa.

Angalizo kwa wanaochanana na biti za kasi ya 140: pale baa ni sekunde 1.7 tu. Mstari wetu wa ndizi utandaze juu ya baa mbili, usiubane kwenye moja. Na "m" au "n" inayosimama peke yake ihesabu kama silabi kamili. *Mtu* ni mbili, *nchi* ni mbili, *mtaa* ni tatu. Mizani nyingi zinazopotea zinapotelea hapo.

Salaam kutoka Likoni, Mombasa. Ninaandika makala ya chuo kuhusu wasanii huru wa hip hop ya Kiswahili: walikotoka na jinsi muziki wao ulivyokua. Nianzie wapi? Mwalimu wangu anasema mwanzo wote ni kuiga Wamarekani.

Mwalimu hajakosea, ila kuiga kulichukua muda mfupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir wa Dar es Salaam alichukua biti ya wimbo wa Kimarekani uliokuwa unavuma akaweka maneno ya Kiswahili. Ilikuwa ni kuazima nguo, lakini watu walisikia kwa mara ya kwanza kwamba lugha yao inaweza kukaa kwenye mdundo ule. Kwanza Unit, waliojikusanya Dar mwaka 1993, walichana Kiingereza na Kiswahili. Nairobi, Kalamashaka wa Dandora wakaingia katikati ya muongo huo na Kiswahili cha mtaani kwao, na baadaye likaja kundi kubwa la Ukoo Flani Mau Mau lililounganisha vijana wa Nairobi na wa hapo hapo kwenu Mombasa. Usiwasahau hao, makala nyingi za chuo zinaishia Nairobi. Arusha nako X Plastaz wakachanganya michano na uimbaji wa Kimaasai, na albamu yao ya 2004 ikatolewa na lebo ya Ujerumani.

Kwenye "msanii huru" uwe makini. Kwa Tanzania ya miaka ya 1990 lebo kwa maana ya leo karibu hazikuwepo. Palikuwa na studio, zikiwemo za Master J na P-Funk Majani, palikuwa na redio binafsi baada ya Radio One kuanza 1994, na palikuwa na wasambazaji wa kaseti Kariakoo. Msanii alirekodi, akabeba masta yake (rekodi mama) Kariakoo, akalipwa kwa mkupuo. Kaseti zikishaondoka, ngapi zimedurufiwa alijua msambazaji peke yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7, ilipitishwa mwaka 1999 na ndiyo iliyozaa COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, lakini mazoea ya mkupuo yalikuwa yameshakomaa. Ukitaka kuelewa kwa nini kizazi kilichofuata, mfano akina Nikki Mbishi, One the Incredible na mtayarishaji Duke wa Tamaduni Muzik, kilishikilia kujenga kambi yake chenyewe, anzia kwenye mkupuo huo. Ladha ya muziki ni sehemu tu ya jibu.

Kupima ukuaji wa msanii mmoja, zipange rekodi zake kwa tarehe ya kurekodiwa. Tarehe ya kutoka inadanganya, kwa sababu nyimbo zilikaa studio hata miaka miwili. Soma karatasi ya ndani ya kaseti au CD: nani katengeneza biti, studio gani, nani kaitikia. Halafu chukua vesi ya kwanza ya kila mwaka, uhesabu mizani kwa baa na silabi za vina. Utaona kwa macho alipoacha kuandika kwa pumzi ya Kiingereza. Mwisho angalia "mimi" wa kwenye mashairi ni nani. Wengi huanza na majigambo, "mimi ni mkali", kisha anaingia mtu wa tatu: konda, mama ntilie, mwanafunzi aliyefeli. Msanii anayeweza kuazima mdomo wa mtu mwingine ameshavuka hatua kubwa. Na usishangae wengine waliivuka hadi bungeni: Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, alichaguliwa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Joseph Haule, Profesa Jay, Mikumi mwaka 2015.

Shikamooni. Nipo Tabata, narekodi chumbani. Nimenunua maiki ya kondensa na kubandika trei za mayai ukuta mzima, lakini sauti bado inatoka kama nipo ndani ya pipa. Ninunue maiki gani?

Marahaba. Usinunue kitu.

Trei za mayai ni imani ya zamani ya studio za uswahilini na haina msaada. Ni karatasi nyembamba. Zinatawanya kidogo sauti za juu kabisa, ila mvumo wa pipa unaousikia unakaa kati ya hezi 200 na 500, na huo unapita kwenye trei kama hazipo. Kinachoumeza ni uzito na unene: godoro, blanketi zito lililokunjwa mara mbili, kabati lililojaa nguo.

Na wengi wanaweka godoro upande usiotakiwa. Maiki yako, kama ni ya kawaida, inasikia mbele yake na kuziba masikio nyuma. Mbele yake upo wewe na ukuta ulio mgongoni kwako, na sauti inayorudi kutoka ukuta huo ndiyo inayoingia. Kwa hiyo godoro lisimame nyuma ya mchanaji, mablanketi mawili kulia na kushoto yakiacha nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani, na maiki isogezwe mbali na kona. Usisimame katikati kabisa ya chumba pia, kule baadhi ya besi zinavimba na nyingine zinapotea. Theluthi moja ya urefu wa chumba ni mahali pazuri pa kuanzia.

Umbali wa mdomo na maiki uwe karibu shibiri moja, sentimita 15 hadi 20. Ukisogea hadi sentimita tano besi inavimba, nalo ni pipa jingine. Kizuizi cha "p" na "b" unaweza kujitengenezea: soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya waya wa duara, ikae sentimita nane mbele ya maiki. Bado zinapasuka? Geuza maiki pembeni kidogo ili pumzi ipite kando yake.

Kwenye mashine rekodi kwa biti 24 (hizi ni za kompyuta, si mdundo), kilohezi 48. Chana kwa nguvu utakayotumia kweli, si ya kujaribia, kisha weka kiwango ili kilele kifike kama −10 dB. Taa nyekundu ikiwaka hata mara moja, rudia. Sauti iliyokatika haiponi kwa programu yoyote. Bafa (akiba ya sauti inayosubiri kompyuta iichakate) iwe 128 unaporekodi ili usijisikie ukichelewa kwenye hedifoni, na uipandishe hadi 1024 wakati wa kumiksi kompyuta isikwame. Hedifoni ziwe za kufunika masikio. Ukiacha sikio moja wazi, biti inavuja hadi kwenye maiki na utakutana nayo siku ukitaka akapela (sauti tupu bila biti).

Bati ni shauri jingine. Mvua ikianza, funga kazi. Jua la mchana nalo linaliza bati likitanuka, kwa hiyo saa nne usiku hadi alfajiri ndiyo saa ya kazi kwa nyumba nyingi. Feni zima. Friji chomoa na funguo za nyumba zitundike kwenye friji lenyewe ili ukizitafuta ulikumbuke, usije ukalala limezimwa na samaki wa mama wameoza. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, ni umeme wa hezi 50: jaribu laptopu kwa betri bila chaja, mara nyingi unakata papo hapo.

Kumiksi sauti ya mchano hakuhitaji plagini (programu ndogo za kurekebisha sauti) 12. Kata chini ya hezi 90. Punguza desibeli mbili tatu pale pipa linapovuma. Kompresa (inayobana sauti zinazozidi) iwe ya 3 kwa 1 ikipunguza desibeli 4 hadi 6 kwenye maneno makali. Kisha dhibiti "s" na "sh", kati ya kilohezi 5 na 8, maana Kiswahili kina nyingi na maiki za bei nafuu zinazitia pilipili. Dabo, yaani kurekodi maneno yale yale tena juu ya ya kwanza, usirudie vesi nzima. Dabo maneno ya mwisho wa mstari na yale ya punchi (yenye kishindo), uyashushe desibeli nane chini ya sauti kuu. Kisha sikiliza kwa spika ya simu: kama hukusikia kila neno, shusha biti, usipandishe sauti.

Kama baada ya hayo chumba bado kinakushinda, azima maiki ya dainamiki, ile ya jukwaani. Inasikia karibu tu na inasamehe vyumba vibaya. Kondensa inasikia hadi jogoo wa jirani.

Niko Kihonda, Morogoro. Nilichukua biti YouTube imeandikwa "ya bure", nikatoa wimbo. Ukaanza kutembea, halafu likaja dai la hakimiliki na mapato yanakwenda kwa mtu nisiyemjua, hata si prodyuza. Ni wizi?

Huenda si wizi. "Ya bure" kwa watengeneza biti wengi maana yake ni bure kama huingizi pesa, na jina lao litajwe. Soma maelezo chini ya video. Wimbo ukiingia kwenye majukwaa yanayolipa, ubure umeisha na unatakiwa ununue leseni.

Mtu usiyemjua kaingiaje? Biti ya kukodi inakodishwa kwa watu wengi. Mmoja wao akisajili wimbo wake kwenye mfumo wa utambuzi wa YouTube, jambo ambalo leseni za kukodi kwa kawaida zinakataza, mashine inasikia biti yake ndani ya wimbo wako na kukudai. Fanya hivi: mwandikie prodyuza, nunua leseni sasa, tunza risiti na mkataba wenye jina la biti, tarehe na ruhusa zake. Kisha pinga dai ukitaja leseni hiyo. Mdai ana siku 30 za kujibu, asipojibu dai linaanguka. Bila karatasi usipinge. Ubishi wa bila ushahidi unaweza kuishia kwenye onyo la hakimiliki, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanafunga chaneli.

Na wewe pia usisajili wimbo wa biti ya kukodi kwenye mfumo huo. Kampuni za usambazaji mtandaoni huuliza kwa kisanduku kidogo cha kuweka tiki, na watu wanaweka tiki bila kusoma.

Kama biti ina kipande cha wimbo wa zamani, tuseme taarabu au muziki wa dansi, leseni ya prodyuza haikukingi. Pana haki mbili hapo: ya rekodi yenyewe na ya utunzi. Mwenye nazo si lazima awe mtu mmoja, na utahitaji ruhusa ya wote.

Nimelipa studio kwa saa. Wimbo umeanza kupigwa redioni, sasa prodyuza anasema nusu ni yake, na mshikaji aliyeimba korasi naye anadai. Nani mwenye haki? Tanga.

Inategemea mlichoandika, na tunahisi hamkuandika kitu. Malipo ya saa za studio ni malipo ya kazi. Peke yake hayahamishi haki za biti kuja kwako, wala hayampi prodyuza haki ya mashairi yako. Kuhamisha haki kunataka maandishi na saini.

Kaeni sasa, kabla hela haijawa kubwa. Karatasi moja inatosha: jina la wimbo, majina ya kwenye vitambulisho na ya kisanii, nani kaandika maneno, nani katunga muziki, nani kagharamia rekodi. Halafu safu mbili za asilimia, moja ya utunzi na moja ya rekodi, kila safu ijumlishe 100. Tarehe, saini, nakala kwa kila mmoja. Aliyeimba korasi aliyoandikiwa na wewe ni mwimbaji. Aliyejitungia ile korasi ni mtunzi mwenzako, hata kama ni mistari minne. Baada ya hapo sajili kazi COSOTA kwa mgawo huo huo. Wa Kenya wanasajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ni usajili mwingine, wa wewe kama msanii, usivichanganye.

Kila rekodi itapewa namba ya ISRC, utambulisho wa kimataifa wa rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Iandike kwenye daftari. Siku ukihama kampuni ya usambazaji, wimbo ukipandishwa kwa namba ile ile hesabu ya wasikilizaji inaweza kukufuata. Ukipewa namba mpya, unaanza sifuri.

Mimi ni dada mchanaji, Arusha. Waandaaji wa tamasha wameniomba wasifu wa maneno 150 na faili za nyimbo. Nimeandika mara tano unasomeka kama hotuba. Na faili gani wanataka?

Dada, hotuba inatokana na sifa. Futa kila sentensi ambayo mchanaji mwingine yeyote anaweza kuichukua ikamfaa. "Ni msanii mwenye kipaji cha pekee aliyeanza muziki tangu utotoni" inamfaa kila mtu, hata mwimba kwaya.

Weka mambo yanayokaguliwa. Unatoka mtaa gani na unachana kwa lugha ipi au zipi. Ulianzia wapi hasa: madrasa, kwaya, mashindano ya shule, kijiwe. Nani anakutengenezea biti. Umetoa nini, mwaka gani. Umepanda majukwaa gani. Halafu sentensi moja ya muziki unavyosikika, kwa vitu vinavyoshikika: kasi ya biti, ala, unazungumzia nini. Linganisha "muziki wake unagusa maisha ya jamii" na "anachana juu ya biti za mapigo 85 zenye filimbi, mashairi mengi yakisimuliwa na wanawake wauza mitumba". Mwandaaji akisoma ya pili ameshajua akupange saa ngapi.

Badiliko katika muziki wako nalo ni habari, liseme kwa mwaka: hadi lini ulichana Kiingereza, lini ulianza kujitengenezea biti, nini kilibadilika. Andika kwa nafsi ya tatu. Tengeneza matoleo matatu ukiwa umekaa: maneno 50, 150 na 400, na tarehe ya kuyapitia upya kila miezi sita.

Faili: kila wimbo uwe na WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya wimbo kamili, WAV ya biti tupu, biti yenye korasi na sauti za kuitikia (hii ndiyo ya jukwaani), akapela, na toleo safi la redio. Picha mbili, moja ya wima na moja ya mlalo. Jina la faili liseme lenyewe, mfano *JinaLako_JinaLaWimbo_85_redio*. "FINAL FINAL 3" hakuna anayejua ni nini, hata wewe mwakani. Kama tamasha linakwenda sambamba na wimbo mpya, upandishe kwa msambazaji wiki nne kabla, na picha ya mraba ya pikseli 3000 kwa 3000. Spotify, ambayo ilifunguliwa Tanzania na Kenya mwaka 2021, inataka ombi la kuwekwa kwenye orodha zao walau siku saba kabla ya wimbo kutoka. Boomplay wimbo uufikishe kupitia msambazaji huyo huyo.

Jukwaani pumzi inakata vesi ya pili. Nifanyeje? Kahama.

Acha kuchanana na sauti yako mwenyewe iliyorekodiwa, ndiyo inayokufanya upige kelele. Tumia biti yenye korasi peke yake. Kwenye daftari weka alama ya pumzi kila baa mbili, na kama hakuna nafasi kata silabi mbili, hakuna atakayezikumbuka. Fanya mazoezi ya seti nzima ukitembea haraka, mara mbili mfululizo bila kupumzika. Maiki ishike kwenye mpini. Ukikumbatia kichwa chake sauti inakuwa ya pua na spika zinaanza kupiga mluzi. Na mwambie anayeendesha mitambo kabla hujapanda: sauti ya mchano kwanza kwenye spika inayokuelekea, biti baadaye.